Uvira hadi Baraka na kurudi siku moja: hicho ndicho kipimo changu cha amani

Kila mapigano yanapotulia huku kwetu, tangazo ni lilelile: hali imekuwa shwari, raia waendelee na shughuli zao. Msemaji wa jeshi hulisema, viongozi wa mji hulirudia, na sisi waandishi wa habari hulipeleka redioni na mtandaoni. Nimeliandika mara nyingi kiasi kwamba vidole vyangu vinaliandika vyenyewe. Lakini ukiuliza shwari maana yake nini hasa, hakuna anayekujibu kwa kitu kinachoweza kupimwa.

Mimi nina kipimo. Chukua jamaa moja ya Uvira: baba, mama, watoto watatu na bibi yao. Waingie ndani ya gari saa moja asubuhi, washike barabara ya kitaifa namba 5 kuelekea kusini, waende wakitazama ziwa na mawe yake, wafike Baraka saa tano, wale samaki, na saa nane mchana wageuze gari. Saa kumi na mbili jioni wawe nyumbani. Bila kulala njiani. Bila kumlipa mtu yeyote asiyetoa risiti. Bila shangazi kupiga simu kila nusu saa kuuliza kama bado wako wazima. Siku hiyo ikiwezekana, na ikiwezekana tena Jumapili inayofuata, hapo nitaamini kwamba hali imekuwa shwari.

Ni kama kilomita 90 tu. Kwa lami ingekuwa mwendo wa saa moja na nusu. Kwa barabara yetu, wakati wa kiangazi, gari likiwa zima na dereva akiwa anaijua njia, ni saa tatu au nne. Mvua ikinyesha, usiulize.

Niliifanya safari hiyo kiangazi cha 2024, pamoja na wenzangu watatu, kwa gari dogo la kukodi. Hatukuwa na kazi yoyote. Tulikwenda kutembea tu, na hilo liliwashangaza watu njiani kuliko kitu kingine chochote. "Mnakwenda msibani?" Hapana. "Mnafuata samaki?" Hapana. "Basi mko wa shirika gani?" Ukisema si wa shirika lolote, mtu anakutazama viatu, anatazama tena gari, anaona unamficha jambo. Tumefika mahali ambapo kutazama ziwa lako mwenyewe ni jambo la kutilia shaka.

Ukitoka upande wa Kavimvira unavuka Mulongwe, kisha Kalimabenge. Kiangazi Mulongwe ni kijito ambacho mtoto anakivuka kwa miguu. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020 ulishuka kutoka milimani ukiwa umebeba mawe makubwa, ukabomoa nyumba, ukaua makumi ya watu na kuacha maelfu bila makao. Mawe yale bado yamejaa kwenye mkondo. Wanawake wanakaa juani wakiyavunja kwa nyundo na kuuza kokoto kwa wajenzi. Nitayarudia mawe hayo baadaye.

Kisha Kalundu. Mwaka ule wa 2024 ziwa lilikuwa limepanda hata bandari ikakaa ndani ya maji, na nyumba za mstari wa kwanza zikabaki kuta zenye madirisha ambamo samaki wanaingia na kutoka. Wenyeji wanakumbuka 2021 pia. Tanganyika ina mlango mmoja tu wa kutolea maji, mto Lukuga huko Kalemie, na mlango huo si mpana. Kwa hiyo mvua kubwa ikinyesha Burundi, Tanzania au kwetu, maji yanangoja zamu ya kutoka, na yanangojea ndani ya nyumba za watu.

Halafu, ukiacha nyumba za mwisho, mlima unakuja barabarani. Milima ya Mitumba, ambayo ukiwa mjini unaiona nyuma ya mapaa, hapa inashuka moja kwa moja hadi majini, na barabara imebanwa katikati, upana wa gari moja na nusu. Kulia ni ukuta wa jiwe, majani yameshikilia kwenye nyufa. Kushoto ni ziwa. Mawe mengine yameteremka zamani na kukaa ndani ya maji kama kundi la viboko, migongo nje. Kadiri unavyouacha mdomo wa Ruzizi na matope yake nyuma, maji yanazidi kuwa maangavu, mpaka unaona kivuli cha mtumbwi kimelala juu ya jiwe chini kabisa. Dereva wetu, ambaye amepita hapo maelfu ya mara akiwa na abiria na magunia, alisimamisha gari bila kuombwa. Akasema hajawahi kusimama hapo isipokuwa kwa tairi kupasuka.

Watoto walikuwa wakiruka kutoka juu ya mwamba mmoja, mmoja mmoja, kila mtu na kelele yake. Huko ndiko tulikokaa muda mrefu kuliko mahali pengine popote, na huko ndiko ninakotaka kumkalisha msomaji kidogo, kwa sababu watu wa Uvira hatujui tuna nini.

Ukuta ule wa jiwe hauishii pale maji yanapoanza. Unaendelea kushuka. Tanganyika ina kina cha karibu mita 1,470 penye kina kirefu zaidi. Duniani ni la pili kwa kina, nyuma ya Baikal la Urusi. Na ni kwenye mawe ya kando, mita chache tu chini ya miguu ya watoto wale, ambako wanaishi samaki wadogo wa jamii ya kuhe, wenye rangi kama za vitenge. Ziwa lina zaidi ya aina 200 za jamii hiyo, na karibu zote hazipatikani mahali pengine popote duniani. Wengi wao hawapendi kuvuka mchanga wala maji ya kina. Wanabaki kwenye mawe yao, ukoo baada ya ukoo, hivyo samaki wa mwamba huu wanaweza kuwa na rangi tofauti na ndugu zao wa mwamba wa kilomita chache mbele. Kuna mmoja mweusi mwenye mkanda wa rangi ya machungwa ambaye wafugaji wa samaki wa Ulaya na Marekani wanamwita "Bemba", kwa jina la mwambao wetu huu. Anaogelea kwenye visanduku vya vioo vya sebuleni kwa watu ambao hawawezi kuionyesha Uvira kwenye ramani. Na mtoto wa Kalundu, anayemkanyagia jiwe lake kila siku, hajui kwamba ana jina.

Wanasayansi wanajua. Kituo cha utafiti wa maji na samaki cha Uvira, CRH, kilifanya kazi kwa miaka mingi na watafiti wa Kijapani kwenye mawe haya. Mmoja wa Wajapani hao, Michio Hori, alieleza mwaka 1993 katika jarida la Science habari za samaki wa ziwa hili anayeishi kwa kuiba magamba ya wenzake. Baadhi yao midomo imepinda kushoto, wengine kulia, na kila kundi linashambulia ubavu mmoja tu wa windo. Wa kushoto wakizidi, samaki wengine wanajifunza kulinda ubavu ule, basi wa kulia ndio wanaoshiba na kuzaa zaidi. Baadaye mambo yanageuka. Nilipowasimulia wenzangu hayo pale kwenye mwamba, mmoja alicheka sana, akasema hao ni wanasiasa wetu.

Tena kuna maji ya moto. Aprili 1987, karibu na Pemba, na pia kwenye rasi ya Banza upande wa Ubwari, ziligunduliwa chemchemi za moto chini ya ziwa. Mwaka 1991 kundi la watafiti kutoka Ufaransa, Zaire, Ujerumani na Burundi lilirudi na wapiga mbizi, likazikuta hadi mita 46 chini ya maji, zikiwa na joto la kuanzia nyuzi 53 hadi 103. Huko Banza zimejijengea vibomba vya chokaa vilivyosimama kama vichuguu, vingine vya urefu wa sentimita moja, vingine 70. Bonde la Ufa linapasuka hapo taratibu, na sisi tunapita juu yake na ndoo za ndagala. Nimesoma katika jimbo hili tangu shule ya msingi hadi shahada, na sikumbuki hata somo moja lililotaja jambo hili. Tulifundishwa mito ya Ubelgiji.

Makobola tuliingia kimya. Mtu hapiti Makobola akiongea tu. Kuanzia tarehe 30 Desemba 1998 hadi 2 Januari 1999, wanajeshi wa uasi wa RCD na washirika wao waliua raia hapo na katika vijiji vya jirani. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2010, ile inayoitwa Mapping, inataja watu zaidi ya 800. Wengine walichomwa ndani ya nyumba. Kila mwisho wa mwaka watu wanakusanyika kuomba. Kuna anayeona kwamba njia iliyopita damu haifai kuitwa nzuri, na kwamba kwenda huko kutembea ni kuwakosea heshima wafu. Nimelifikiria sana hilo. Bibi mmoja muuza ndizi hapo kijijini alituuliza tunatoka wapi, tukamwambia, akauliza tunakwenda wapi, tukamwambia. Akasema vizuri, maana watu wanaokuja hapa huja na makaratasi ya kuandika majina ya waliokufa, wanaandika, wanaondoka, ndizi hawanunui. Tukanunua mkungu mzima.

Mbele ya hapo uko teritwari ya Fizi na mlima unajivuta nyuma kidogo. Swima, Mboko, michikichi, harufu ya mawese yanayochemshwa, ndagala wameanikwa kwenye mchanga wakimetameta. Unapita Lusenda, ambako wakimbizi wa Burundi wanaishi tangu 2015. Kisha ghuba ya Burton inafunguka, Ubwari ng'ambo yake kama mgongo wa mnyama aliyelala, na uko Baraka. Tulikula bugali, sombe na mikebuka ya kuchoma. Sina la kuongeza juu ya chakula hicho, aliyekula anajua.

Sasa nifike kwenye barieri. Tulihesabu tisa kwenda na saba kurudi. Kati ya hizo, mbili zilikuwa na kibanda, maandishi na risiti. Nyingine zilikuwa kamba, au mti uliolazwa, au kijana mmoja aliyekaa kwenye jiwe akiwa na fimbo. Wengine walikuwa na sare, wengine nusu ya sare, wengine kandambili tu. Hatukutukanwa, sitaki kudanganya. Kwenye moja tuliombwa "ya maji", kwenye nyingine "ya chumvi", kwenye nyingine tuliambiwa tu: "Wakubwa, mmetupitaje?" Ni maneno ya adabu. Lakini silaha imeegemea mti hapo nyuma, na adabu hiyo ina bei.

Sisi tulilipa kidogo kwa sababu hatukuwa na mzigo. Anayelipa kweli ni mama wa ndagala. Nilisimama kwenye barieri moja nikamtazama mmoja, amekuja juu ya pikipiki na mabeseni mawili. Motari alilipa yake, mama akalipa ya beseni la kwanza, akalipa ya beseni la pili, na barieri nyingine ilikuwa inaonekana kwa macho umbali wa kilomita mbili mbele. Anaponiuzia fungu sokoni Uvira na mimi nikalalamika kwamba ndagala wamepanda bei, hela ninayoongeza haiendi kwake. Inakwenda kwenye kamba. Mwaka 2017 shirika la utafiti la IPIS lilihesabu barieri 798 katika Kivu mbili, na 486 kati yake zilikuwa katika jimbo letu la Kivu Kusini. Tangu wakati huo nimesikia mara nyingi zikiamriwa kuondolewa. Amri husomwa Jumatatu; Ijumaa kamba iko pale, imesogezwa tu nyuma ya kona.

Ninajua nini kimetokea baada ya safari ile. Februari 2025 Bukavu ikaanguka, na serikali ya jimbo ikahamia Uvira. Desemba 2025 M23 wakaingia Uvira kwenyewe. Makumi ya maelfu ya watu wakavuka kwenda Burundi, na wengine wakashika barabara hii hii kuelekea Baraka, kwa miguu, godoro kichwani, mtoto mgongoni, wakipita chini ya ukuta ule wa jiwe bila kuuangalia. Januari 2026 M23 wakaondoka na jeshi la serikali likarudi. Na tangazo likarudi pia.

Kwa hiyo najua pingamizi litakalokuja. Watu wamepoteza nyumba, wewe unaandika juu ya matembezi ya Jumapili? Nani ana hela ya kukodi gari? Mambo ya utalii ni ya wazungu na ya Wanyarwanda.

Najibu hivi. Barabara inayomwezesha bibi kwenda Baraka na kurudi siku hiyohiyo ndiyo hiyohiyo inayomwezesha mama mjamzito wa Swima kufikishwa hospitalini akiwa hai. Ndagala, mawese na muhogo wa Fizi vinapita hapo hapo, na mwalimu wa Mboko anaipitia akienda kutafuta mshahara wake. Siombi barabara ya pili ya starehe. Ninatumia starehe kama kipimo kwa sababu ndiyo kitu cha kwanza kinachokufa na cha mwisho kinachofufuka. Mfanyabiashara atapita hata penye risasi, kwa kuwa watoto wake wanangoja kula. Mgonjwa naye hana la kuchagua. Anayekwenda kutazama maji tu ndiye atakayebaki nyumbani mpaka awe na hakika. Hesabu watu wa namna hiyo njiani na utajua ukweli ambao tangazo halikwambii.

Na hili la utalii kuwa la wengine, tuliangalie vizuri. Uvira ilikuwa na wageni kabla Bujumbura haijawa mji. Burton na Speke walifika hapa Aprili 1858 wakitafuta kujua kama Ruzizi inatoka ziwani au inaingia. Watoto wa mtawala wa hapa waliwaambia wazi kwamba inaingia, jambo ambalo kila mvuvi alilijua. Wazungu hawakuridhika mpaka Livingstone na Stanley walipokuja kuhakikisha kwa macho yao Novemba 1871. Leo huko Mugere, kusini mwa Bujumbura, kuna jiwe lenye majina ya hao wawili, na wageni wanakwenda kupiga picha. Ni jiwe la kawaida kabisa. Ukilinganisha na mawe yetu kati ya Kalundu na Makobola, ni kokoto. Chini zaidi, upande wa Tanzania, Gombe ni hifadhi ya taifa tangu 1968 na watu wanatoka mwisho wa dunia kuona sokwe wake. Hata watu wetu wenye uwezo, wakitaka kukaa kando ya ziwa mchana mmoja, wanavuka mpaka wa Kavimvira na kwenda kulipia kiti kwenye fukwe za Bujumbura. Maji ni yaleyale. Wanachokinunua huko ni hakika ya kurudi jioni.

Barabara hii inapotajwa Kinshasa, mara nyingi inatajwa kwa sababu ya vita, au kwa sababu ya dhahabu ya Misisi inayotakiwa kutoka. Hakuna ubaya dhahabu ikipata njia. Lakini barabara iliyotengenezwa kwa ajili ya mgodi hutunzwa mpaka mgodi upate inachotaka, basi. Tunao Mfuko wa Kitaifa wa Matengenezo ya Barabara, FONER, tangu 2008. Kila lita ya mafuta inayouzwa kihalali nchini inachangia, na penye kituo cha kulipia gari linachangia tena. Ni haki yetu kuona kwenye ubao, pale pale penye kituo, kwa Kiswahili na kwa tarakimu: mwezi huu zimeingia kiasi gani, na zimetengeneza kilomita zipi kati ya Uvira na Baraka. Sisemi zimeibiwa. Ninasema ubao haupo.

Kuhusu kamba, ninaomba kitu kidogo kuliko amri nyingine ya kuziondoa zote kwa siku moja. Itolewe orodha. Barieri halali kati ya Uvira na Baraka ni ngapi, ziko wapi, zinatoza nini. Isomwe kwenye redio zote za huku, kila asubuhi, kwa Kiswahili, Kifuliiru, Kivira na Kibembe. Mama wa ndagala akiijua orodha kwa kichwa, yule kijana mwenye fimbo atakuwa na kazi ngumu zaidi. Mashirika ya kiraia ya Uvira na Fizi yana watu katika kila kijiji cha njia hii. Wanaweza kuhesabu kila mwisho wa juma na kutangaza idadi. Mimi nitaichapisha. Hata ikiwa ni ileile kila juma, nitaichapisha.

Shule nazo zisingoje Kinshasa. Mwalimu wa biolojia wa Kalundu hahitaji gari kuwapeleka wanafunzi kwenye mawe. Anahitaji asubuhi moja na mtu wa CRH wa kuwaonyesha. Vijana wa Makobola wanaojua kila jiwe kwa jina lake la uvuvi wanaweza kuwa ndio wenye kuongoza wageni, kwa bei inayojulikana, siku wageni watakaporudi. Wakwanza watatoka Uvira, si Ulaya, na hiyo si aibu.

Sasa mawe ya Mulongwe niliyosema nitayarudia. Kati ya Kalundu na Makobola kuna sehemu ambazo ziwa lilipopanda lilikula ukingo wa barabara, na gari zito linapita likiinamia majini. Wakati huohuo, penye mwamba karibu na njia, watu wameanza kuvunja mawe ya mwambao na kuyauza kwa ujenzi. Siwalaumu, nyundo ndiyo kazi iliyopo. Lakini mwamba ule ukivunjwa, samaki wake hawahamii mwamba mwingine, na barabara inapoteza kitu pekee kinachozuia mawimbi. Wakati mkondo wa Mulongwe umejaa mawe ambayo mto uliyaleta bure, na ambayo yasipotolewa yatausukuma tena kwenye nyumba za watu mvua kubwa ikirudi. Yatolewe hayo. Wanawake walipwe kwa kuyachambua, yapakiwe kwenye lori, yafungwe kwenye nyavu za waya na kupangwa pale ukingo ulipoliwa. Ni kazi ya kiangazi kimoja, na mvua zinaanza Septemba.